Ramani ya tovuti: kabla ya kulipa, uliza kama inameza kidole

Mwaka jana nililipa shilingi 450,000 kwa tovuti iliyowapeleka wageni wangu ziwani. Sisemi kwa mafumbo.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba saba hapa Jinja, Uganda, upande wa Mpumudde. Kijana mmoja fundi wa tovuti, mwenye maneno matamu na kompyuta iliyojaa vibandiko, alinitengenezea ukurasa: picha za vyumba juu, ramani katikati, bei na namba ya simu chini. Siku ya kukabidhi kazi nilikaa naye nikaitazama ramani kwenye skrini yake pana. Nyumba yangu ile pale, alama nyekundu juu yake. Nikalipa, nikaondoka na furaha zangu.

Miezi miwili ikapita, wageni wapya kimya. Ndipo akapiga mzee mmoja wa Tororo, namba yangu kapewa na shemeji yake. "Dada," akasema, "hiyo tovuti yenu nimehangaika nayo tangu asubuhi. Kwani vyumba vyenu viko ndani ya maji?"

Nikaazima simu ya msichana anayenisaidia jikoni, Tecno ndogo yenye ufa kwenye kioo, nikafungua tovuti yangu mwenyewe. Picha zikapita vizuri. Nikafika kwenye ramani, ikajaza kioo chote, juu hadi chini. Nikapandisha kidole gumba ili ukurasa uendelee kwenda chini. Ukurasa haukwenda. Ramani ndiyo iliyosogea. Nikasukuma tena, mji ukapanda juu ukapotea. Mara ya tatu nikawa nimebaki na buluu tupu: Ziwa Victoria, hakuna hata mtumbwi. Namba yangu ya simu ilikuwa hapo chini, nusu kidole tu, na hakuna namna ya kuifikia, maana kila mahali ninapogusa ni ramani.

Hiyo ndiyo naita ramani inayomeza kidole. Nilipoandika kisa hiki kwa kifupi, wasomaji waliniletea tovuti zao kumi na moja, na saba kati yake zilikuwa na ugonjwa huohuo: saluni, duka la vipuri, shule mbili za chekechea. Wenyewe hawakujua, kwa sababu wote walionyeshwa kazi kwenye kompyuta, ilhali wateja wao wote wako kwenye simu.

Kwa hiyo sitawapotezea muda na uzuri wa rangi wala picha za setilaiti. Hayo mtayaona wenyewe. Njia nne za kuweka ramani kwenye tovuti nimezipanga kwa kidole kwanza, mengine baadaye.

Ya kwanza: Google, kwa ufunguo wako mwenyewe

Sifichi, mimi ni shabiki wa Google. Ufunguo ni msimbo wa siri wanaokupa Google ili tovuti yako itambulike inapoita ramani yao. Ramani yake inayoendeshwa kwa JavaScript inajua yenyewe kwamba ukurasa una sehemu ya kuendelea chini, na hapo kidole kimoja kinapita, ramani inasogezwa kwa vidole viwili. Fundi asipogusa kitu, uko salama. Ukitaka uhakika zaidi mwambie aandike gestureHandling na kuipa thamani ya cooperative. Ni mstari mmoja. Akikuambia ni kazi ya siku mbili, mshukuru kisha tafuta mwingine.

Sababu yangu ya pili ni ya kibiashara, na sioni watu wakiisema. Ramani ya kawaida ya Google ukiipachika kwenye ukurasa wako, inawaonyesha wageni wako na nyumba za wageni za jirani zako. Umelipia tovuti, umelipia jina, halafu mgeni anaona alama tatu za washindani kandokando ya yako. Ukiwa na ufunguo unaweza kuzima alama za biashara nyingine zote, ukabakiza barabara, ziwa na nyumba yako. Mimi nimebakiza pia soko kuu, kwa sababu kila bodaboda analijua.

Kasoro zake ni za fedha na uzito. Tangu Julai 2018 Google hawatoi huduma hii bila akaunti ya malipo iliyofungwa kwenye kadi ya benki, na kwa wengi wetu wenye fedha zao kwenye simu, hiyo kadi peke yake ni safari. Zamani walikuwa wakisamehe dola 200 kila mwezi. Tangu Machi 2025 msamaha huo umeondolewa, na badala yake kila huduma ina kiasi chake cha bure: ramani inayosogea ni kufunguliwa mara 10,000 kwa mwezi, ikizidi ni dola 7 kwa kila mara 1,000. Nyumba ya vyumba saba haitafika huko hata wageni wote wa Busoga wakifungua ukurasa. Hata hivyo weka kikomo cha siku ndani ya akaunti, na uufunge ufunguo ufanye kazi kwenye anwani ya tovuti yako tu, kwa sababu ufunguo huo anauona yeyote anayejua kufungua msimbo wa ukurasa.

Uzito nao si wa kudharau. Bando letu lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na mgeni hapendi kulipia ramani ambayo hajaiomba. Yangu haifunguki mpaka mtu abonyeze kitufe cha "Onyesha ramani". Hadi hapo anaona picha tu.

Ya pili: Google ya kupachika, bila ufunguo

Hii ni bure kabisa. Fungua ramani ya Google, tafuta mahali pako, bonyeza kushiriki, chagua kupachika, nakili mstari uliopewa, ubandike kwenye ukurasa. Dakika tano. Kidole kimoja kinapita; mtu akijaribu kuivuta inamwambia atumie viwili. Kama huna washindani karibu, au huwajali, ishia hapa.

Washindani ndio waliofanya niishushe nafasi ya pili. Na hii ndiyo iliyonipandisha hasira nilipoanza kuuliza bei. Mafundi wawili tofauti, mmoja Jinja na mwingine Kampala, walinitajia 150,000 na 300,000 kwa "kuunganisha mfumo wa ramani", na nilipotazama kazi walizowafanyia wengine, mfumo wenyewe ni huo mstari wa kunakili. Mtu alipwe kwa ujuzi wake, sikatai. Lakini asiniuzie maji ya mto Nile nikiwa nimekaa ukingoni.

Ya tatu: Leaflet juu ya OpenStreetMap

Hii ndiyo niliyokuwa nimeuziwa, na nitaisema kwa haki. Leaflet ni programu ya kuonyesha ramani kwenye tovuti, kazi ya Volodymyr Agafonkin wa Ukraine, iliyotoka mwaka 2011. Ni nyepesi ajabu, kama kilobaiti 42 tu, na haitaki kadi ya benki. Ramani yenyewe inatoka OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kawaida tangu 2004, maana yake njia ya vumbi inayoingia kwako, kama haipo, unaweza kuichora mwenyewe leo. Mimi nimechora yangu, pamoja na steji ya bodaboda iliyo kwenye kona.

Ila kwa kidole, inameza. Usipoielekeza, kidole kimoja kinaburuta ramani. Dawa ni kuzima dragging, yaani huko kuburuta, kwa simu. Vidole viwili bado vitaikuza na kuipunguza. Kwenye kompyuta, uzime pia scrollWheelZoom, yaani kukuza kwa gurudumu la kipanya, la sivyo anayeteremsha ukurasa kwa kipanya atajikuta anaitazama Afrika nzima. Mistari miwili. Fundi wangu hakuiweka hata mmoja, ila alipata muda wa kufuta jina la OpenStreetMap kwenye kona ya ramani na kuweka jina la kampuni yake. Jina lile si pambo, ni sharti la leseni. Na seva yao ya bure haikujengwa kubeba biashara za watu: ina masharti, na anayeyavunja hufungiwa. Ukiichukua njia hii, vipande vya ramani, yaani zile picha ndogondogo zinazoungana kuwa ramani, vichukue kwa mtoa huduma anayekubali matumizi ya biashara.

Ya nne: Mapbox na ndugu yake MapLibre

Hizi nazo ni za kuweka ramani kwenye tovuti. Nzuri kwa macho, na ukitaka ramani yenye rangi za kampuni yako hakuna anayezifikia. Mapbox inaruhusu ramani kufunguliwa bure mara 50,000 kwa mwezi kwenye tovuti. Desemba 2020 ilibadilisha leseni ya programu yake, wapenda uhuru wakajitenga, wakachukua nakala ya zamani wakaiita MapLibre. Zote mbili zina cooperativeGestures, ile sheria ya vidole viwili, na zote mbili huja ikiwa imezimwa. Kwenye simu dhaifu zinakwama. Zinawafaa watu wa utalii wenye wageni wa simu za bei kali.

Picha ya ramani iliyopigwa kwenye skrini na kubandikwa? Haimezi kidole, basi. Weka chanzo chake.

Kuhusu kisanduku cha kutafuta

Rafiki yangu anauza mbegu na dawa za mimea, ana mawakala kumi na wanne Iganga, Kamuli, Bugiri na Mayuge. Alitaka mkulima aandike jina la mji apate wakala wa karibu. Akauziwa kisanduku ambacho hakikufungiwa nchi. Sasa mtajionea: Wajapani huyaita mahekalu yao ya Shinto jinja, nayo ni maelfu. Mkulima anaandika Jinja, anapelekwa Japani. Akiandika Barabara ya Jinja, anapelekwa Kampala, na hapo kisanduku hakina kosa.

Kifunge kwenye Uganda kwanza. Kila huduma ina mahali pa kuweka hilo. Nominatim, ambayo hutafuta kwenye OpenStreetMap, haitozi, lakini seva yake ya umma inaruhusu ombi moja tu kwa sekunde na inakataza kupendekeza majina mtu anapoandika. Photon, nayo ya kutafuta kwenye OpenStreetMap, ndiyo iliyotengenezwa kwa kupendekeza. Ya Google ni bora kuliko zote mbili kwa majina ya maduka, na ina hesabu yake ya malipo. Kwa mawakala kumi na wanne nilimshauri aachane na yote, aorodheshe miji, kila jina na namba ya simu mbele yake. Alinikasirikia kidogo, kisha akafanya.

Kisanduku cha kutafuta ndani ya tovuti yenyewe, kile cha bure cha Google, kinaleta matangazo juu ya majibu. Tangazo la nani, hutachagua wewe.

Jambo la mwisho kuhusu mafundi. Uliza akaunti imefunguliwa kwa jina la nani. Msomaji mmoja wa Mbale aliachwa na ramani ya kijivu yenye maandishi ya kusema ni ya majaribio tu, kwa sababu ufunguo ulikuwa wa fundi, na fundi kadi yake ilikwisha muda na yeye mwenyewe keshahamia Dubai. Barua pepe iwe yako, kadi yako, nenosiri lako. Na siku ya kukabidhiwa kazi acha kompyuta yake ikae. Toa simu mbovu kuliko zote nyumbani, ishike kwa mkono mmoja, uteremke hadi chini kabisa kwa kidole gumba. Ukikwama, hujapokea kazi.

Kijana wangu aliniandikia Jumatatu. "Mama, muda wa matengenezo ya ramani umefika, ni 80,000." Ramani yake niliiondoa tangu Februari.