Mutter ya Rammstein: isikilizwe yote, na kwa hedifoni nzuri

Ukimtajia mtu Rammstein, bendi ya metali kutoka Ujerumani, mara nyingi atakuimbia kipande cha Feuer frei!, kwa sababu ndio wimbo unaosikika mwanzoni mwa filamu ya xXx ya mwaka 2002, bendi yenyewe ikiwa jukwaani na moto wake. Wengi wanaishia hapo. Wimbo ule ni wa tano kati ya 11 kwenye Mutter, yaani Mama, albamu yao ya tatu iliyotoka Aprili 2001, na kwa masikio yangu hauingii hata tatu bora humo ndani.

Wanaoisifu albamu hii husifu kwanza uzito wa magitaa. Sawa, ni mazito, na mtayarishaji Jacob Hellner ameyabana na ngoma za Christoph Schneider mpaka vinapiga kwa pamoja kama kitu kimoja. Lakini magitaa mazito yako kila mahali. Mimi nisichokichoka ni okestra. Mein Herz brennt inafungua kwa fidla zinazopanda taratibu, kisha mwimbaji Till Lindemann anawaita watoto wasikilize, kwa upole unaotia mashaka. Maneno hayo ya kuwaita yametoka kwenye Sandmännchen, kipindi cha televisheni cha kuwalaza watoto wa Ujerumani Mashariki, na wanabendi wote sita walikulia huko. Mtoto anaahidiwa kuletewa kitu, halafu magitaa yanaanguka na unaelewa alicholetewa. Ukisikilizia spika ya simu hapa umekula hasara: besi inapotea yote, na fidla zinabaki zinalia kama mbu sikioni.

Kijerumani hakikunisumbua nilivyodhani kingenisumbua. Lindemann hamezi maneno. Kila silabi anaitoa nzima, na R yake anaizungusha kwenye ulimi kama tunavyofanya sisi, kwa hiyo hata asiyejua lugha anaweza kufuatilia kiitikio na kukiimba. Sonne ndio pa kuanzia: anahesabu kuanzia moja hadi tisa, na penye kumi anasema imekwisha, kama mwamuzi anayemhesabia bondia aliyelala chini. Wimbo ulikusudiwa kuwa wa kumwingiza ulingoni bondia Vitali Klitschko. Mpango huo haukutimia, ila hesabu ya ndondi imebaki, na video yake ikageuzwa kuwa hadithi ya Snow White na wachimba dhahabu wake. Ukiujua mkasa wa bondia kwanza, wimbo unakuwa mwingine kabisa.

Links 2-3-4 nao unahitaji historia kidogo, maana bila hiyo mtu atasikia buti zikikanyaga kwa gwaride na kufikia hitimisho baya. Mwaka 1998 bendi ilitumia kwenye video ya wimbo mwingine picha za Olimpiki ya Berlin ya 1936 zilizopigwa na Leni Riefenstahl, mtengeneza filamu wa enzi za Hitler, na ikaitwa ya mrengo wa kulia. Huu ndio wimbo wa kujibu: moyo wangu, anasema, unadunda kushoto, yaani upande wa mrengo wa kushoto. Baadhi ya wasikilizaji wanaona jibu lenye sauti ya buti linajichanganya. Mimi naona ndio utamu wake, ingawa sitambishia anayekerwa.

Sasa wimbo uliobeba jina la albamu. Mtoto asiye na kitovu, hakuzaliwa na yeyote, hakunyonya kwa yeyote, anamlaani mama ambaye hakupata kuwa naye, kisha kwenye kiitikio anamwita. Kwetu kumlaani mama ni jambo la kukufanya uangalie nyuma kama kuna mtu amesikia, kwa hiyo wimbo huu ulinikaa vibaya kwa muda mrefu kabla ya kunikaa vizuri. Lindemann anaanza chini sana, karibu na kunong'ona, na anapofika kwenye kuita sauti inafunguka yote. Ni mwimbaji anayedharauliwa kwa sababu ya mioto ya jukwaani. Baada yake inakuja Spieluhr, habari ya mtoto aliyejifanya amekufa akazikwa na kisanduku chake cha muziki, na hapo sauti ya mtoto inaimba kweli. Usiku siiweki.

Nusu ya pili inashuka, hilo wasikilizaji wengi tunakubaliana. Zwitter ina mdundo mzuri na mzaha wa kutosha. Rein raus ni matusi yaliyovalishwa lugha ya farasi na mpanda farasi. Hata kinanda cha Flake hakiuokoi. Adios unapita haraka. Halafu Nebel, wimbo wa mwisho, unarudisha fidla na utulivu, wapenzi wawili wakiagana ufukweni, mmoja akifa.

Kwa mwenye nyumba yenye watoto: jalada ni picha ya kijusi kilichokufa. Mimi CD yangu naiweka kwa mgongo.

Ubishi usiokwisha ni kama Mutter inaishinda Reise, Reise, albamu yao ya 2004. Wanaopenda ile ya 2004 wanasema ina utani zaidi na ladha nyingi, na wana haki; wimbo wa Amerika peke yake unatosha kuwatetea. Lakini ile naichagulia nyimbo, hii naiwasha mwanzo na kuiacha iende, dakika kama 45 hivi. Anayeanza nitampa Mutter. Nyota nne na nusu kati ya tano, na nusu iliyokosekana iulizwe Rein raus.