Kuvuta kwa ajili ya mgongo: tathmini ya jimu moja ya Sinza

Nimelipia jimu hii ya Sinza, Dar es Salaam, kwa miezi sita mfululizo kwa lengo moja tu, nalo ni kujenga misuli ya mgongo. Kwa hiyo sitagusa mashine za kukimbilia, muziki wala vioo. Nitazungumzia vifaa vya kuvutia (si kwamba vyote vinavutia kwa macho), yaani vile ambavyo mtu hufanya navyo mwendo wa mpiga makasia, akileta uzito tumboni au kifuani huku viwiko vikirudi nyuma. Jina la jimu naliacha, kwa sababu kasoro nitakazozitaja nimezikuta pia kwingine mjini na si haki kumbebesha mtu mmoja.

Kilichonishawishi kujiunga ni mashine ya kupiga makasia ya Concept2, kampuni ya Vermont, Marekani, ambayo mashine yake ya kwanza ya aina hiyo ilitoka mwaka 1981. Ni kifaa kizuri, na anayetafuta pumzi hatajuta. Kwa ukubwa wa misuli ya mgongo, hata hivyo, nilipoteza juu yake wiki tatu nzima. Nguvu nyingi ya kila mvuto hutoka miguuni, na mtu huishiwa pumzi muda mrefu kabla mgongo haujafikishwa kwenye kikomo chake. Wengi pale husogeza kidude cha pembeni hadi namba 10 wakiamini wameongeza uzito, ilhali kinachobadilika ni kiasi cha hewa kinachoingia kwenye gurudumu la upepo. Anayeufanya mvuto uwe mzito au mwepesi ni mvutaji mwenyewe.

Nilipoachana nayo, mwalimu wa zamu alinipeleka kwenye chuma kirefu cha kupachika sahani za uzito, kinachovutwa ukiwa umeinama, ambacho ndicho humpa karibu kila mgeni anayetaja neno mgongo. Chuma chenyewe ni cha kilo 20, kimenyooka na kinashikika vizuri. Tatizo liko kwenye sahani za uzito, ambazo nyingine ni za kiwandani zenye kipenyo cha sentimita 45 na nyingine zimetengenezwa na mafundi wa mtaani, ndogo zaidi. Anayetaka kuanzia kila mvuto sakafuni, mgongo ukiwa sambamba na ardhi, kama alivyofundisha kocha wa Marekani Glenn Pendlay, atajikuta ameinama kupita kiasi pale sahani kubwa zinapokuwa zimechukuliwa. Hilo lingeweza kuvumilika. Lisilovumilika kwa mtu kama mimi, anayekaa ofisini kwa muda wa saa nane kila siku, ni kwamba kiuno kilichoka kwanza kila mara, na seti (mfululizo wa mivuto kabla ya kupumzika) ikaisha wakati misuli ya juu ya mgongo bado ilikuwa na akiba. Nilijaribu kusimama wima zaidi na kugeuza viganja vitazame mbele, mtindo unaohusishwa na Mwingereza Dorian Yates, mshindi wa Mr. Olympia, shindano la watunisha misuli, kuanzia 1992 hadi 1997. Kiuno kilipumua, lakini mtindo huo huhamishia mzigo mkubwa kwenye msuli wa mbele wa mkono, na Yates mwenyewe aliuchana msuli huo wa mkono wa kushoto mwaka 1994. Nikaona nisishindane na bahati.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ambacho nimekitumia kwa kila kifaa tangu siku hiyo: je, ninapoweka uzito chini, kilichonishinda ni mgongo, au ni kitu kingine?

Mashine ya kuvuta waya ukiwa umekaa ingefaulu kipimo hicho kama ingetunzwa. Kukaa na kukanyaga kibao hupunguza kazi ya kiuno, na waya huubana msuli tangu mwanzo hadi mwisho wa mvuto. Ila waya wa pale hukwaruza, vipande vya uzito havina namba za kilo, na kishikio kilichopo ni kimoja tu, kile chembamba kinacholeta viwiko karibu na mbavu. Kishikio hicho kinafaa sana kwa msuli mpana unaoshuka kutoka kwapani hadi kiunoni. Kwa misuli iliyo kati ya makombe ya mabega unahitaji kishikio kipana, viwiko vitanuke kidogo, na hicho nimekiomba mara mbili bila mafanikio.

Dambeli, yaani vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja, ziko vizuri zaidi. Kuvuta kwa mkono mmoja huku goti na kiganja cha upande wa pili vikiwa juu ya benchi kulinionyesha kwamba upande wangu wa kushoto ulikuwa dhaifu, jambo ambalo chuma kirefu kilikuwa kikilificha. Kasoro ni kwamba baada ya kilo 20 zinaruka hadi 25, hatua kubwa mno kwa zoezi hili, na ilinibidi nibaki na 20 nikipandisha marudio kutoka 8 hadi 15 kabla ya kuthubutu kuruka.

Kifaa bora kuliko vyote katika jimu hiyo hakikutoka ng'ambo. Ni benchi refu la bomba, limeinuliwa juu kiasi cha mikono kuning'inia bila kugusa sakafu, lililoungwa na fundi wa kuchomelea. Unalala kifudifudi, kifua kikiwa kimeegemea, unavuta dambeli mbili kutoka chini. Huwezi kujirusha wala kuiba kwa kiuno. Makombe ya mabega yanafunguka kabisa chini na kukutana juu, na mvuto unapokwama unajua hakika ni mgongo uliokwama. Mara ya kwanza nilichukua uzito mdogo kuliko niliouzoea na bado nilishindwa kufika 12, nikaona aibu kidogo. Sasa nalifanya zoezi hilo mara mbili kwa wiki, seti nne kila mara, na shati nililoshona mwaka jana linabana mgongoni. Lawama zangu ni mbili: kifua hubanwa kiasi kwamba kupumua ni kazi, na ngozi bandia ya juu imechanika, hivyo njoo na taulo.

Kuanzia magharibi hadi saa mbili usiku chuma kirefu kina foleni, na mashine ya waya pia. Benchi la fundi huwa wazi muda wote, isipokuwa anapolala juu yake kijana mmoja anayesubiri zamu yake kwenye chuma. Nimelipia miezi mitatu mingine kwa ajili ya benchi hilo peke yake.