Studio ya Picha za Pasipoti Ilivyozipiga Picha Rupia Zangu, Tabora

Kwa muda wa miezi minne nimekuwa nikipeleka sarafu zangu katika studio ndogo ya picha iliyo mwendo mfupi kutoka soko kuu la Tabora, ambayo kazi yake ya kila siku ni picha za pasipoti, za vitambulisho na za harusi. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wanaokusanya sarafu za zamani na ambao kila wakijaribu kuzipiga picha kwa simu huambulia duara jeusi mahali ambapo macho yao yaliona zambarau na samawati. Picha nilizopata ni nzuri kuliko nilivyotarajia, lakini vifuko nilivyorudishiwa sarafu sitavikubali tena, na sababu zake nitazieleza.

Sarafu zenyewe zilikuwa kumi na moja: rupia sita za fedha za enzi ya Wajerumani, za kati ya mwaka 1904 na 1913, sarafu moja ya hela tano ya mwaka 1909, ile ya shaba nyekundu iliyo pana kuliko hata rupia, sarafu mbili za hela ishirini za mwaka 1916, na sarafu mbili za shilingi ya Afrika Mashariki za mwaka 1924. Hizo za mwaka 1916 zina herufi T, kwa sababu zilipigwa hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli, wakati Wajerumani walipokuwa wamefungiwa njia ya bahari na chenji imeadimika, miezi michache kabla Wabelgiji hawajaingia mjini mwezi Septemba mwaka huo huo. Anayesema leo kwamba hana hela analitaja jina la sarafu hizo, ingawa wengi hawalijui hilo.

Iliyonifanya nitafute mpiga picha ni rupia ya mwaka 1910 yenye herufi J, alama ya kiwanda cha Hamburg. Ilikaa miaka mingi ndani ya bahasha ya kaki katika sanduku la marehemu babu yangu, na salfa iliyokuwamo katika karatasi ile iliungana polepole na fedha ikafanya utando. Utando huo ni mwembamba mno, kiasi kwamba mwanga unaorudi kutoka juu yake hukutana na ule unaorudi kutoka kwenye madini yaliyo chini, rangi nyingine zikafutana na nyingine zikabaki. Unapoanza, utando hutoa njano ya asali. Ukizidi unene huingia katika wekundu na zambarau, kisha samawati, na ukiachwa uendelee hatimaye huwa mweusi kabisa. Kwenye rupia yangu samawati iko ukingoni, zambarau inafuata, na shavu la Kaisari Wilhelm wa Pili, aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, limebaki la dhahabu. Mfuatano huo ndio ninaoutazama kwanza nikiuziwa sarafu yenye rangi: pale ambapo samawati inakaa bega kwa bega na fedha nyeupe, bila njano wala zambarau kati yake, naanza kushuku kwamba mtu ameipika jikoni.

Siku ya kwanza mambo hayakwenda vizuri. Kijana mwenye studio aliiweka rupia juu ya kitambaa cheusi, akawasha taa mbili kubwa zenye miavuli anazotumia kwa sura za watu, akapiga. Kaisari alitoka wa kijivu, kama sufuria iliyopita motoni. Hakukuwa na kosa katika kamera yake, kwani uso wa sarafu ni kama kioo, na rangi ya utando huonekana pale tu mwanga unapogonga sarafu na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Taa zake zilikuwa zikirudisha mwanga kwenye dari. Nilimwonyesha kwa kuishika sarafu ukingoni na kuiinamisha kidogo kidogo mbele ya dirisha, hadi rangi zikawaka kisha zikazimika. Aliinyamazia kwa muda, halafu akasema, "Mzee, niachie hadi kesho."

Kesho yake nilikuta ametoa kioo safi kutoka kwenye fremu ya picha na kukiegemeza juu ya sarafu kwa pembe ya nyuzi 45. Taa moja tu ilimulika kutoka ubavuni, kioo kikaurusha sehemu ya mwanga chini moja kwa moja hadi kwenye sarafu, na kamera, iliyosimama wima juu kwenye stendi ya miguu mitatu, ikaitazama sarafu kupitia kioo hicho hicho. Wakusanyaji wa nchi nyingine wanaitumia sana njia hii, ila yeye aliifikia kwa kujaribu mwenyewe, na kwa hilo nampa heshima yake. Rangi zote zilitoka. Upungufu wa njia hii ni kwamba vivuli hupotea, hivyo kofia na masharubu ya Kaisari huonekana kama yamelazwa kwa pasi. Ndiyo maana sasa namwomba picha mbili kwa kila upande, moja ya kioo kwa ajili ya rangi na nyingine ya taa ya pembeni kwa ajili ya michoro na mikwaruzo.

Nina malalamiko madogo kuhusu kompyuta yake. Amezoea kung'arisha bibi harusi, na picha za mwanzo alizinitumia samawati ikiwa imekolea hadi inafanana na khanga mpya. Picha ya namna hiyo humdanganya mnunuzi, na mwenye sarafu ndiye atakayeonekana mwongo baadaye. Tulikubaliana aweke kipande cha karatasi nyeupe kando ya sarafu ili rangi zipimwe kwacho, azime taa za mirija za dukani wakati wa kupiga, na asiguse kitu kingine. Tangu hapo picha zinalingana na ninachokiona mkononi.

Jambo zito zaidi ni namna ya kushika. Mara ya kwanza alikaribia kuifuta rupia kwa kile kitambaa cha kusafishia lenzi, nami nikapaza sauti kuliko adabu inavyoruhusu. Kufuta huacha mistari myembamba isiyotoka milele, na utando wa rangi ukishatoka haurudishwi. Nyumbani ninazo rupia mbili ambazo mama aliziosha kwa majivu na limau ili zipendeze. Zinang'aa kama vijiko, na hakuna mkusanyaji anayezitazama mara ya pili. Kijana alielewa haraka, na sasa anazishika ukingoni akiwa amevaa glavu za pamba, juu ya taulo lililokunjwa.

Vifuko ndivyo vilivyoniudhi. Studio hurudisha sarafu ndani ya vile vifuko laini vya plastiki vya kuwekea vitambulisho, vinavyonukia kama pazia jipya la bafuni. Hiyo ni PVC, ambayo kadiri inavyozeeka hutoa asidi inayokula shaba. Nilizembea, nikaziacha humo kuanzia mvua za Novemba hadi Januari, na mojawapo ya zile hela ishirini za mwaka 1916 ikaota utelezi wa kijani kuzunguka herufi T. Niliiloweka katika asetoni safi, si ile ya kufutia rangi ya kucha iliyotiwa manukato, nikafungua madirisha na kuweka jiko mbali, kisha nikaiacha ikauke bila kuisugua. Kijani kilitoka, doa dogo limebaki. Sasa kila sarafu iko katika kifuko kigumu cha poliesta, ndani ya kopo lenye vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu, mbali na mpira, sufu na bahasha za kaki. Ndiyo, bahasha ile ile iliyoipaka rangi rupia ya babu ingeendelea kuipaka hadi iwe nyeusi.

Shilingi za mwaka 1924 hazikufaidika na lolote kati ya haya, kwa kuwa fedha ndani yake ni robo tu na zimechakaa kwa rangi ya tope, usizipotezee pesa.

Nililipa shilingi 4,000 kwa kila sarafu, pande zote mbili, na picha zilitumwa kwenye simu jioni ile ile. Nenda mchana, kwa kuwa asubuhi studio hujaa wanafunzi wanaohitaji picha za fomu, nawe hutapenda kuwa na kioo cha nyuzi 45 mezani katikati ya msongamano huo. Na uende na vifuko vyako mwenyewe.