Nyota tatu na nusu kwa steshenari iliyoniprintia fomu ya mkopo kipindi cha kampeni

Wadau wa Mtwara habari zenu, hii riviu nimeiahidi tangu mwezi wa 11 leo ndo nimepata nafasi. Ni ile steshenari ya mitaa ya Chikongola yenye mlango wa bluu, nje barazani kuna mama anauza ming'oko (ile mizizi ya porini) ya kuchemsha. Jina silitaji kwa sababu kuna mahali nitamsema mwenyewe na siku za mwisho aliniheshimu sana, ila mnaokaa hapa mtaijua tu, hakuna nyingine ambayo wateja wanakalia dawati la shule ya msingi limekatwa miguu, mpaka leo sijui alilipata wapi na sitaki kujua.

Bei kwanza maana najua ndo mnachotafuta. Kopi 100, kuprinti 300, kuskani 500 kila karatasi, picha za pasipoti nne 3,000, kujaziwa fomu ya mkopo 10,000. Hiyo ya mwisho ndo ilinipeleka pale na ndo iliyonitoa machozi.

Mi nimemaliza kidato cha sita Mei 2025, kwetu ni kijijini upande wa Tandahimba. Dirisha la mkopo lilifunguliwa mwezi wa 6 na mi nikaibuka pale wiki ya mwisho ya Agosti, najua mtasema mwanafunzi wa Kibongo hajambo kwa dakika za majeruhi, lakini jamani korosho mnada unaanza Oktoba, Agosti ndo mwezi mkavu kuliko yote kwetu, mzee hapo anadaiwa dukani mpaka chumvi, alafu ada ya maombi ya Bodi ya Mikopo peke yake ni 30,000, bado nauli ya kuja Mtwara, bado cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili), bado mtendaji wa kijiji, bado muhuri wa wakili. Mtu aliyepanga hayo maombi yawe kati ya Juni na Agosti nahisi kwao hawalimi korosho. Mama aliuza kuku watatu na kitenge ambacho hakijakatwa ndo nikapanda gari.

Sasa nafika, na hapo ndo nilijua nimekosea siku. Kampeni za uchaguzi mkuu wa 2025 zilifunguliwa tarehe 28 Agosti, na kwenye ile steshenari mashine kubwa ni moja, hiyo moja inatema vipeperushi vya wagombea tangu asubuhi, vyama tofauti, mgombea huyu anatoka anaingia mpambe wa yule wanasalimiana vizuri tu wanaulizana foleni. Sisi wanafunzi tulikuwa kama kumi na moja hivi tumebanana kwenye lile dawati na ukutani, kila mtu na bahasha yake. Saa sita mchana hakuna hata mmoja aliyehudumiwa. Mwalimu mmoja mtu mzima akasimama akasema kwa upole kabisa, "Kaka, hawa watoto dirisha lao linafungwa jumapili, hizi sura zenu zina miezi miwili." Mwenye duka akamjibu, "Shikamoo mwalimu, mi nakuheshimu, ila hawa wanachukua karatasi elfu mbili wanalipa keshi, nyie mnanipa mia tatu mia tatu." Kimya. Mi nilicheka kwa hasira kwa sababu vile vipeperushi karibu vyote vilikuwa vimeandikwa elimu, elimu bora, elimu kwanza. Nyota moja nzima imeondoka hapo.

Mzungumze mtakavyo ila ile foleni ilinipa muda wa kufikiri kuliko miaka miwili ya somo la Jenero Stadi (General Studies). Uchaguzi wa 2015 nilikuwa darasa la nne, nakumbuka kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kinabishana, mzee Lowassa wa Ukawa, ule muungano wa vyama vya upinzani, anasema kipaumbele chake elimu, elimu, elimu, na itakuwa bure mpaka chuo kikuu, Magufuli anasema bure mpaka kidato cha nne, na sisi watoto tulikuwa tunashangilia yoyote anayepita kwa sababu neno lililotuhusu lilikuwa bure. Tarehe 25 Oktoba watu wakapiga kura, Magufuli akapata asilimia 58.46, Lowassa 39.97, na haikuisha hata miezi miwili ukatoka ule Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, Januari 2016 ada hakuna tena mpaka form foo. Nasema ukweli wangu, hiyo ahadi ilitekelezwa na mi ni mtoto wake. Sekondari ya kutwa ada ilikuwa 20,000 kwa mwaka, unaweza kusema ni hela ndogo lakini dada yangu mkubwa alirudishwa nyumbani mara mbili kwa hiyo hela ndogo na mara ya pili hakurudi shule, aliolewa. Mi sikurudishwa hata siku moja.

Ila Januari hiyo hiyo darasa la kwanza shuleni kwetu walikuja watoto mpaka wakakaa chini ya mkorosho. Ruzuku ya serikali ni 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima, chaki humo, mitihani humo, ukarabati humo. Kwa hiyo ada iliondoka kwa mlango wa mbele na michango ikazunguka uani, mchango wa mlinzi, mchango wa uji, mchango wa mwalimu wa kujitolea wa fizikia ambaye alikuwa mwenyewe amemaliza form siksi mwaka uliopita. Na mtu wa kusini hapa asisahau kuwa hata ada za msingi kuondolewa 2001 ilikuwa enzi za mzee wetu Mkapa, mtu wa Lupaso huko Masasi, na sheria iliyoanzisha hii Bodi ya Mikopo ni ya 2004, yake pia. Nilimwambia hivyo kijana mmoja kwenye foleni akaniambia basi lawama za fomu ndefu tuzipeleke Lupaso. Tulicheka, foleni ikasogea kidogo.

Turudi dukani. Saa tisa nikaitwa. Anayejaza fomu si mwenyewe, ni kijana wake, anachapa haraka hujawahi kuona, anakuuliza huku anaangalia simu, "Baba anafanya kazi gani?" nikamwambia mkulima wa korosho, akauliza anauza? nikasema ndio anauza, kila mkulima anauza. Kumaliza naletewa fomu imeprintiwa nisaini, nasoma, kazi ya mzazi: MFANYABIASHARA. Mwili ulikufa ganzi. Mnaojua bodi mnajua, mkopo unaangalia uhitaji wa familia, wewe mtoto wa mfanyabiashara unapewaje asilimia sawa na mtoto wa mkulima mwenye mikorosho arobaini iliyozeeka? Nikamwambia kaka umekosea, akaniambia "si umesema anauza", na kuprinti upya utalipa tena. Nililia pale mbele za watu, siwafichi, na nyota ya pili ikaondoka hapo.

Hapo ndo nikaona upande mwingine wa yule mwenye duka. Alisikia, akasimamisha mashine ya vipeperushi, akaja mwenyewe akakaa, akafuta, akaanza kurasa ya kwanza taratibu, kila anachoandika anakisoma kwa sauti. "Mdogo wangu, mi na mimi baba yangu alikuwa mkulima, nilikosa chuo kwa fomu kama hii." Hakuchukua hata shilingi ya marudio. Alafu akampigia wakili anayemjua akaja na muhuri wake pale pale badala ya mimi kuzunguka mji. Kuanzia kesho yake akabandika karatasi mlangoni, asubuhi mpaka saa saba wanafunzi, jioni kampeni. Nyota nusu imerudi, ingerudi nzima ila yule kijana mpaka leo anajaza fomu huku anaangalia simu, kwa hiyo nawaambia SOMENI FOMU KABLA YA KUSAINI, hasa kipengele cha kazi ya mzazi.

Jambo lingine, risiti. Hawana kitabu, wanakata vipeperushi vilivyoharibika vipande vinne wanaandika nyuma. Risiti yangu ya 10,000 ninayo mpaka sasa, nyuma ina jicho moja la mgombea udiwani na herufi ELIM, U imebaki kwa mteja mwingine sijui.

Huduma nyingine zao ni nzuri. Lamineshi safi haina mapovu. Umeme ukikatika wana jenereta dogo, ukatikaji wenyewe sizungumzii, gesi inachimbwa hapa hapa mkoani, Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, bomba linaenda Dar, sisi tunasubiri jenereta la petroli, haya. Pia walimu wanakuja sana pale kuprinti kurasa za vitabu vya mtaala mpya kutoka maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) maana vitabu vyenyewe shuleni vinagombaniwa, na wanaprinti kwa hela zao za mfukoni, nimeona kwa macho yangu. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa darasa la tatu 2024 mtaala mpya ulipoanza, kwa hiyo yeye anamalizia la sita, na mwaka huo huo wa 2027 waliomtangulia wanamaliza la saba, wote watagonga mlango wa form wani pamoja Januari 2028. Sera ya elimu imesema elimu ya lazima miaka kumi, mi naiunga mkono kabisa, nataka tu kujua watakaa wapi, mikorosho ya shule ile imeshakatwa miwili.

Sasa uchaguzi wenyewe. Nilipiga kura kijijini tarehe 29 Oktoba, mara ya kwanza maishani, na sikupiga kwa vipeperushi, nilikuwa na swali langu moja la walimu. Rais Samia kwenye ufunguzi wa kampeni aliahidi walimu wapya 7,000 wa hisabati na sayansi ndani ya siku 100, na kabla ya hapo serikali yake ilifuta ada ya kidato cha tano na sita 2022, hiyo nimeila mwenyewe miaka miwili, ikafuta na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo 2021. Ila Chadema, chama kikuu cha upinzani, haikuwemo kwenye karatasi ya kura, na mtu niliyetaka kumsikia akibishana naye kuhusu hao walimu hakuwepo. 2015 ilibidi wabishane, ndo maana hata wazee wa kijijini kwetu walijua ada ya kutwa ni shilingi ngapi. Tume ya uchaguzi ikatangaza Samia kapata asilimia 97.66, mi hata Kiswahili changu cha form foo sikupata hiyo. Yaliyotokea miji mingine siku ile na zilizofuata mnayajua, watu wamekufa, sitayaweka kwenye riviu ya fotokopi.

Intaneti ikazimwa siku hiyo hiyo. Nilikuwa nasubiri majina ya mkopo, nikarudi Mtwara, steshenari imefunguliwa lakini haina cha kufanya zaidi ya kopi, wanafunzi wanaingia wanauliza imerudi? wanatoka, wanaingia wengine. Mwenye duka alitoa kidaftari akaandika majina yetu na namba za simu, akasema ikirudi nitawapigia mmoja mmoja mje muangalie akaunti zenu bure. Nikajua ni maneno. Tarehe 3 Novemba jioni simu ikaita, "Mdogo wangu njoo." Nimepata, sio asilimia zote, chakula na malazi nimepata yote, ada nimepewa nusu, nusu nyingine inasubiri korosho za mzee na mnada nao una mambo yake.

Kwa anayetaka kwenda: wanafungua saa mbili asubuhi, ijumaa wanafunga saa sita wanarudi saa nane baada ya swala. Nenda na flashi yako imesafishwa, kompyuta ya pili kutoka mlangoni ina virusi na wenyewe wanajua. Kwa dirisha lijalo nendeni Juni, na mwombeni mwenyewe akae, sio kijana. Ming'oko ya yule mama ni 500 fungu na anakupa na chumvi ya pilipili.