Uzoefu wangu: darasa la kupika supu ya boga mjini Stuttgart

Mwezi Oktoba nilihudhuria darasa la jioni la kupika supu ya boga, ambayo Wajerumani huiita Kürbissuppe. Majira ya vuli yakiingia supu hiyo haikosekani mikahawani, lakini kila nilipoipika nyumbani ilitoka nyepesi, haina ladha.

Tulipewa boga aina ya Hokkaido, dogo, la rangi ya chungwa iliyokolea. Mimi nimelelewa Tanga, ambako boga la futari humenywa kabla ya kutiwa tui, kwa hiyo nilikwisha kushika kisu nilimenye. Mwalimu akanizuia, akaeleza kuwa ganda la Hokkaido hulainika likiiva na ndilo linalokoleza rangi ya supu. Tuliliosha, tukalipasua na kukwangua mbegu kwa kijiko. Kisha tukakaanga kitunguu kwa siagi, tukatia vipande vya boga na kiazi kimoja. Hapo ndipo nilipoligundua kosa langu la siku zote: maji hutiwa kiasi cha kufunika vipande tu, na yakihitajika zaidi huongezwa baada ya kusaga, ilhali mimi nilikuwa nikijaza sufuria tangu mwanzo. Baada ya dakika 20 boga lilipondeka kwa mwiko, tukasaga, tukatia krimu kidogo, chumvi na kungumanga iliyokunwa papo hapo.

Katika kupakua, tulipasha bakuli moto kwanza. Mafuta ya mbegu za maboga ya Steiermark, Austria, hayapikwi, bali hudondoshwa juu mwishoni. Yalipogusa supu yalitanda kwa viduara vya kijani kilichokaribia weusi, yakinukia kama karanga za kukaanga. Tulikula na mkate mweusi.

Kasoro zilikuwapo. Mashine ya kusagia ilikuwa moja kwa watu 12, na kundi letu lilisubiri hadi boga likapoa. Lililonisikitisha zaidi ni kwamba darasa lilitangazwa kuwa la upishi wa jadi, na hali Hokkaido, lenye asili ya Japani, lilienea Ujerumani kuanzia miaka ya 1990. Supu ya zamani ya kaskazini, ya siki na sukari, yenye mdalasini na karafuu, haikutajwa hata kidogo. Wakiifundisha hiyo, nitalipa ada tena bila kusita.