Uzoefu wangu: Dar mpaka Unguja na Kilimanjaro, boti iliyoundwa Hobart

Nianze na jibu juu najua ndio mtauliza kwanza: ndio, tulifika salama, kwenda na kurudi, na ndio, nitapanda tena. Sasa wacha niwaeleze vizuri.

Mimi naishi Umoja hapa Nairobi, nauza leso na madera Eastleigh, na kwa miaka kumi na kitu nimekuwa nikiambia wateja wanaonisifia Unguja kwamba mimi baharini siingii ng'o. Si uoga wa bure. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba, alafu hata mwaka haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar, na mama yangu alikuwa anaangalia hizo habari kwa tivii ameshika kichwa tu. Dada yangu naye ameolewa na mtu wa Mtongwe, Mombasa, na kule kwao 29 Aprili 1994 hakuna anayeisahau, ile feri ya MV Mtongwe ilienda na watu 272. Kwa hivyo kwetu ukitaja meli watu wananyamaza kwanza.

Aliyenibadilisha ni huyo huyo shemeji wa Mtongwe. Ana kibanda cha kuchomelea pale Kariobangi Light Industries, anatengeneza mageti, madirisha, saa zingine matangi, na ni mtu wa kuuliza kitu mpaka afike mwisho wake. Siku moja nimepita kumsalimia nikamwambia chama chetu kinataka kwenda Zanzibar na mimi nimekataa, akazima mashine, akavua miwani, akaniambia, "Shemeji, wewe ukinunua gari unauliza imetoka wapi na ilitembea barabara gani. Meli mbona huulizi?"

Sikuwa na jibu. Ndio akanieleza kitu ambacho sijawahi kusikia mtu akisema kwenye zile habari zote. Ile Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989, kiwanda cha Halter Marine kule Louisiana, kubeba abiria wa Seattle, na maji ya Seattle yako ndani, yamezungukwa na nchi kavu, si bahari wazi. Kazi hiyo ilifanya miaka na miaka. Alafu ikauzwa, ikaja huku kwetu, ikakutana na upepo wa kusi wa mwezi wa saba pale ambapo mawimbi yanatoka Bahari Hindi bila kitu cha kuyazuia. Hakusema hiyo peke yake ndio iliiangusha, na mimi pia sisemi, lakini lile swali halijanitoka kichwani mpaka leo, chombo hiki kiliundiwa maji gani?

Boti za Kilimanjaro za Azam Marine, akaniambia, ziliagizwa mpya, ziundwe kwa ajili ya njia hiyo hiyo ya Dar na Unguja. Yadi ni Richardson Devine Marine, iko Hobart, kisiwa cha Tasmania, kule chini kabisa Australia, na michoro ni ya Incat Crowther wa Sydney. Watu wa Hobart bahari yao ni ile ya kusini inayovuma baridi mwaka mzima. Nikamwambia sawa, lakini unakuja nasi. Akakubali kabla sijamaliza sentensi.

Tulitoka Nairobi mwezi wa nane, watu wanane, na safari ya basi sitaisemea sana, kampuni siitaji, ila AC ilikufa kabla hatujafika Arusha na tukafika Dar tumechoka kama tumetembea. Tulilala, asubuhi tukaenda pale kivukoni, mkabala na lile kanisa kubwa la Mtakatifu Joseph. Hapo nje kuna vijana wengi wa kukuvuta mkono wakuuzie tiketi, mmoja alimwambia dada yangu boti imejaa na yeye ndio ana nafasi mbili zimebaki. Haikuwa imejaa. Ingieni ofisini wenyewe, kateni dirishani, na mbebe pasipoti juu upande wa Unguja mnapita uhamiaji.

Sasa boti yenyewe. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba ina miguu miwili. Mimi nilizoea feri ya Likoni kule Mombasa, ile bapa, hii ukiiangalia kwa mbele unaona kama ngalawa mbili nyembamba ndefu zimebeba nyumba juu yake, katikati maji yanapita. Ndio inaitwa katamarani. Shemeji alisema wembamba ndio siri, chombo kinakata maji badala ya kuyasukuma, na upana wa kusimamia miguu miwili ndio unaizuia isilale ubavu ovyo. Injini zilipowaka sikusikia ule mtetemo nilioutarajia, tulitoka polepole mpaka mdomo wa bandari alafu ikanyanyuka kasi mpaka nikashika kiti. Ni kama kilomita 70 hivi mpaka Unguja na haikumaliza saa mbili.

Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Shemeji alikuwa ameinama kwenye ngazi ya kupanda juu anapapasa mishono ya kuchomelea na kidole. Nilimwona anafuata mshono mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, kimya, alafu akaniita, "Kuja uone." Mshono ulikuwa umelala kama sarafu zimepangwa, moja juu ya nyingine, zote sawa, hakuna donge, hakuna tundu. Mimi ni muuza leso lakini kazi safi naijua nikiiona, ni kama pindo lililoshonwa na fundi ambaye hana haraka.

Akanifundisha pale pale. Boti nzima ni alumini, si chuma. Alumini uzito wake ni kama thuluthi ya chuma ndio maana boti inaweza kukimbia hivyo bila kumeza mafuta kupita kiasi, na haili kutu kama mageti yetu. Lakini kuichomelea ni shughuli. Yenyewe inayeyuka kwenye nyuzijoto kama 660 tu, ila ile ngozi nyembamba juu yake haiyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000, kwa hivyo usipoisugua ikatoka kabla hujaanza, ndani kunakuwa uji na juu bado ngozi imeshikilia, ukija kugundua umeshatoboa. Alafu inataka gesi ya argoni ifukuze hewa pale moto unapogusa, na joto linakimbia bati lote, linajikunja kama chapati iliyosahauliwa. "Hawa watu wameshona boti nzima hivi," akasema, "na haijajikunja popote." Alisema kwa heshima kabisa, yaani kama anamzungumzia mwalimu wake.

Kurudi ndio kulikuwa na kazi. Mtu yeyote wa pwani atakuambia, mwezi wa nane kusi bado iko, na ukitoka Unguja kuja Dar unaenda kusini, kwa hivyo unakula mawimbi uso kwa uso. Boti ilikuwa inapanda na kushuka, kule mbele unasikia kishindo, watu wa chama wawili walitapika na mimi nilifunga macho nikasoma kila dua niliyofundishwa. Lakini nataka niseme ukweli wangu wote hapa: sikuwahi kuhisi kwamba inataka kupinduka. Inarusha, lakini inarudi pale pale. Na nilijifunza kitu cha kuwasaidia, kaeni nyuma, chini, karibu na katikati ya chombo, kule mbele juu kwenye vioo ni kuzuri kwa picha lakini ndio pahali panaporuka zaidi. Kuleni kidogo asubuhi, tangawizi mkononi, na kama mnaweza chagueni ile ya asubuhi kabla upepo haujakua. Na pale mnapofika msisimame wote kugombania mizigo, tulisukumana bure na hakuna begi lililopotea.

Niliporudi Nairobi sikuweza kuacha hii hadithi ya Hobart, nikakaa usiku na simu nasoma. Na jameni, ule mji. Tarehe 5 Januari 1975 usiku, meli ya mizigo inaitwa Lake Illawarra iligonga nguzo za daraja la Tasman, daraja likaanguka kipande, meli ikazama papo hapo, watu 12 wakafa, na ule mji ukakatika vipande viwili, watu wanaishi ng'ambo na kazi na hospitali ziko upande wa pili. Kulikuwa na mtu mmoja anaitwa Robert Clifford, alikuwa na feri zake ndogo. Ghafla mji mzima unazitegemea. Daraja lilifunguliwa tena Oktoba 1977, karibu miaka mitatu, na kwa muda huo wote watu walivuka kwa maji, na yeye akajifunza ni feri gani inafaa na gani haifai, ndio akaanza kuunda katamarani mwenyewe. Yadi yake ni Incat. Mwaka 1990 katamarani yao, Hoverspeed Great Britain, ilivuka Atlantiki kwa siku tatu na saa nane kasoro, ikachukua Hales Trophy, tuzo ya meli ya abiria inayovuka Atlantiki kwa kasi kuliko zote, ambayo Wamarekani waliishikilia tangu 1952. Na Mei 2025 wameshusha majini China Zorrilla, mita 130, inabeba abiria 2,100 na magari 225, inaenda kwa betri tu, betri zenyewe ni zaidi ya tani 250, kazi yake ni kati ya Buenos Aires na Uruguay. Mji mdogo kabisa, mwisho wa dunia. Na ile yadi iliyounda Kilimanjaro iko kwenye ghuba hiyo hiyo.

Nilimsomea shemeji yote hiyo kwa simu na akanyamaza muda. Mtoto wa Mtongwe lazima anyamaze. Yeye amevuka maji kila siku ya utoto wake kwenda shule. Sisi Likoni tumevuka miaka yote, MV Jambo ililetwa kutoka yadi ya Özata Uturuki 2017, MV Kwale na MV Likoni zilitoka Ujerumani, ni feri nzuri na nimezipanda, lakini nani anajua mkondo wa Kilindini kuliko watu wanaoupita asubuhi na jioni? Na si kwamba mikono hatuna. Pale Kisumu Kenya Shipyards wameunda MV Uhuru II, mita 100, inabeba tani 1,800, mabehewa 22 ya treni yanaingia ndani, na Mtongwe penyewe, nyumbani kwake shemeji, hiyo hiyo Kenya Shipyards ina yadi kubwa na chelezo cha kupandisha meli nchi kavu. Mimi natamani siku moja nivuke Likoni na chombo kilichoshonwa hapo, na nipapase mshono kama yeye.

Kwa hivyo boti naipa nyota tano, naiondolea nusu kwa yale mawimbi ambayo si makosa ya mtu. Usalama sikuona kitu cha kulalamikia, maboya yalikuwa chini ya viti na tulionyeshwa namna ya kuyavaa kabla hatujatoka, na msiruke hiyo sehemu, wekeni simu chini muangalie.

Wiki mbili baada ya safari shemeji alienda Industrial Area akarudi na mtungi wa argoni wa kukodi. Vipande viwili vya kwanza vilitoboka. Vya tatu na nne pia. Jumapili iliyopita alikuja Umoja na kitu amekifunga kwa gazeti, kaboti kadogo ka alumini ka urefu wa mkono wangu, kana miguu miwili, ndani amepaka chaki kwenye mishono na nje akapitisha mafuta ya taa, ndivyo wanavyopima kama panavuja, na chaki ilikuwa nyeupe kote isipokuwa doa moja karibu na nyuma ambalo aliniahidi atalirudia. Mama alikuwa anafua. Shemeji akamwomba karai, akakaweka polepole kwenye maji ya povu, na mama akakasukuma na kidole kwa ubavu mara moja, mara mbili, kanalala kidogo kanarudi. Akauliza Desemba ile bahari inakuwaje. Nikamwambia Desemba ni kaskazi, mama.