Huduma ya kutoa injini za boti, Mtwapa

Boti yangu ya uvuvi ina injini mbili za dizeli za silinda 6, kila moja ikizidi nusu tani, na zote zimelala chini ya sakafu ya sebule ambayo mlango wake ni mwembamba kuliko injini yenyewe ikiwa na vifaa vyake vyote. Niliikabidhi kwa gereji moja ya boti katika hori ya Mtwapa, nao wakasubiri bamvua, yaani maji makuu ya bahari, ndipo wakaipandisha nchi kavu.

Kilichoniridhisha zaidi ni subira yao. Kabla ya kugusa boliti yoyote walitoa betri, wakafunga vali za maji ya bahari, wakamwaga oili, kisha wakafunga tepu yenye namba kwenye kila waya na kila mpira wa maji. Walivua turbo, altaneta na manifoldi ili kupunguza upana na uzito, wakaitenganisha shafti na giaboksi, halafu wakasimamisha fremu ya chuma sebuleni, miguu yake ikikanyaga mataruma, yaani mbavu za boti, na si sakafu ya faiba. Injini ikapanda polepole kwa mnyororo, fundi mmoja akiwa ameweka kiganja ubavuni mwake isiyumbe, ikasogezwa hadi sitaha ya nyuma na kupokewa na kreni.

Kasoro ni moja: oili iliyosalia ilivuja ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika, nami nikalazimika kudai mara mbili isafishwe. Jambo hilo liliniuma, kwa kuwa pampu ya ngama ingeimwaga moja kwa moja kwenye mikoko. Injini ya pili ilitoka kesho yake, bila mkwaruzo hata mmoja mlangoni.